New York ni Mombasa ngapi?

Umoja_Tatu
Wadau hamjambo. Nina jambo lililoanza kama mzaha, na sasa linaninyima usingizi.

Mamangu ana miaka 68, anaishi Changamwe, Mombasa. Mwezi wa saba anakwenda kwa dadangu New Jersey, amejifungua mtoto wa pili na anataka mama akae naye miezi mitatu. Viza imetoka. Ndege hajapanda hata ya kwenda Malindi. Ila barabara anaijua: miaka 20 alikuwa akipanda basi la usiku kuja Eastleigh, hapa Nairobi, kufunga mzigo wa madera na mashuka, kesho yake usiku anarudi. Kwa hiyo kipimo chake cha umbali ni kimoja tu. Nilipompigia kumwambia safari ni karibu kilomita 11,800, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Hizo ni Mombasa ngapi?"

Nikacheka. Simu ilipokatika nikagundua sina jibu. Nimechimba mtandaoni, ukurasa mmoja unasema saa 13, mwingine 15. Tiketi nilizoonyeshwa na ajenti pale mjini zina saa 15, 21 na 27, zote ni Nairobi hadi New York. Miji ni ileile, sasa hizo saa 12 zinapotelea wapi? Nielezeni kama mnavyomweleza mama, maana ndiye mwenye swali.

Gari_la_Saa_Tatu
Hili ni langu. Naendesha basi la Mombasa mwaka wa 11 huu. Kwa barabara ni kama kilomita 480. Gawa mwenyewe: 11,840 kwa 480 ni mara 24, na kilomita 320 zinabaki.

Yaani mama apande gari langu hapa River Road, aende Mombasa, arudi, aende, arudi, afanye hivyo mpaka safari ya 24 imrudishe Nairobi. Halafu apande tena, na akikaribia Voi, hapo ndipo New York. Kwa saa nane na nusu kila safari ni kama saa 210. Siku tisa kasoro bila kulala kitandani, na Mtito Andei mmesimama chai mara 25. Mwambie ndege inafanya hayo yote kati ya chakula cha usiku na chai ya asubuhi.

Umoja_Tatu
Dereva umeniua. Nampigia sasa hivi.

Mwalimu_Kangemi
Hesabu ya dereva ni safi, ila mama akiuliza njia inapita wapi mtamwambia nini? Wengi hapa wataweka rula kwenye ramani ya ukutani: Nairobi, unapita Nigeria, Mali, unatokea Mauritania, unavuka bahari. Ramani ile ni tufe lililobanwa kuwa karatasi, rula inadanganya.

Nenda kwa mtoto yeyote mwenye tufe la shule. Chukua uzi wa kushonea (si uzi huu wetu), ncha moja weka Nairobi, nyingine New York, halafu uvute mpaka ukaze. Utauona wenyewe unapanda kaskazini. Unatoka hapa ukielekea kaskazini-magharibi, unagusa Uganda, Sudan Kusini, kona ya Sudan karibu na Afrika ya Kati, Chad, kaskazini ya Niger, unakata Sahara ya Algeria, unaingia Morocco, ndipo unaiacha nchi kavu. Sehemu ya mwisho, kabla ya Marekani, uzi unafika latitudo ya 42 kisha unashuka kidogo kuingia New York.

Kitu kinachowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka ni hiki: kunja uzi ule katikati. Kati yake inaangukia karibu na Marrakesh. Nusu nzima ya safari ya kwenda Marekani bado uko juu ya Afrika.

Kijana_wa_Likoni
Ngoja. Kwa hiyo nakula, nalala, naamka, nakojoa, nalala tena, na bado sijatoka Afrika? Hili bara ni kubwa jamani.

Mwalimu_Kangemi
Kubwa, na ramani ya ukutani inalipunguza pia. Hiyo ni mada ya siku nyingine, nikianza hapa moderata atanifungia.

Nanii_wa_Buru
Mimi swali langu ni la kijinga lakini nitauliza. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, si ndiyo? 11,840 gawa kwa 900 ni saa 13 na dakika chache. Ndiyo maana ukurasa mmoja umesema 13. Hizo mbili za ziada ni za nini?

Fundi_Embakasi
Si la kijinga. Nafanya matengenezo ya ndege, si rubani, lakini hili tunalijua wote pale hanga.

Kwanza, kilomita 900 ni mwendo wa ndege ikishatulia juu, tena katika hewa iliyoizunguka. Kupanda kunakula muda, kushuka kunakula muda, kusubiri foleni New York nako. Na saa zilizoandikwa kwenye tiketi zinahesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka mlangoni mpaka inapoegeshwa mlango wa upande wa pili.

Pili, upepo, na huyu ndiye mwenyewe. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na wakati wa baridi ya huko unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda Marekani unakupiga usoni. Chukua wa kilomita 100 tu: ule upande wa bahari, kama kilomita 5,900, badala ya kuumaliza kwa mwendo wa 900 unaumaliza kwa 800 ukipimwa na ardhi. Tayari umeongeza dakika 50. Kurudi, upepo uleule unakusukuma mgongoni. Ndiyo sababu Kenya Airways walipoanza safari hii, tarehe 28 Oktoba 2018, walitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Barabara ni ileile, ila upande mmoja ni mlima na mwingine ni mteremko.

Tatu, uzi wa Mwalimu haukatizwi na vita, ndege inakatizwa. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ikafunga anga baada ya mapinduzi, wiki kadhaa. Angalia Niger iko wapi kwenye ule uzi. Siku kama hizo unazunguka, na kuzunguka ni mafuta.

Gari_la_Saa_Tatu
Kama daraja likibebwa na maji, tunapita Taveta. Nimeelewa.

Fundi_Embakasi
Ndiyo hivyo hasa. Na kuna la nne ambalo watu wa Nairobi hawalifikirii: uwanja wetu uko juu sana. JKIA iko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika na injini inapata kidogo cha kupumua. Ndege ileile ikiondokea Mombasa, karibu na bahari, inanyanyuka na mzigo mkubwa kuliko ikiondokea hapa. Na jua la mchana likipasha hewa, inakuwa nyepesi zaidi. Ndege ya safari ndefu kama hii inataka ubaridi wa usiku. Barabara yetu ya kurukia ina kilomita 4.1 na bado hesabu ya uzito inafanywa kwa makini.

Ile Boeing 787-8 inayofanya safari hii ina uwezo wa kubeba lita 126,000 za mafuta. Kwa New York zilitajwa kama tani 85 kwa upande mmoja, marubani 4 wanaopokezana, na wahudumu 12. Tani 85, wadau. Ukitaka kuiona, hesabu malori matatu ya tangi pale Mlolongo, yamejaa. Yote yanachomwa kabla ya chai ya asubuhi.

Nanii_wa_Buru
Asante mkuu. Sasa nimeogopa kupanda.

Kijana_wa_Likoni
Na mimi nina la kijinga langu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, siyo? New York iko magharibi. Sasa ndege si ingepanda tu juu, isimame, ingoje New York ifike chini yake?

Mwalimu_Kangemi
Kijana, hili naulizwa kila muhula na nalipenda. Hapa kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Lakini hewa inazunguka nayo. Ukiwa ndani ya matatu inayokimbia Thika Road, rusha sarafu juu. Inaangukia wapi? Mkononi mwako, siyo kwa kondakta aliye nyuma. Ndege imo ndani ya matatu, na hewa ndiyo matatu yenyewe.

Kijana_wa_Likoni
Nimerusha. Imeangukia chini ya kiti, ilikuwa shilingi ishirini. Mwalimu unanidai.

Dada_Mizigo
Mnaelezea upepo vizuri lakini swali la Umoja lilikuwa tiketi: 15, 21 na 27. Mimi nakwenda na kurudi kibiashara, nimepita njia zote hizo, kwa hiyo naomba nafasi.

Ya 15 ni ya moja kwa moja. Hiyo inajieleza.

Ya 21, hapo ajenti bila shaka alikuonyesha kupitia Dubai. Sikia: Nairobi–Dubai kama kilomita 3,550, saa tano. Unashuka, unangoja. Halafu Dubai–New York ni kama kilomita 11,000, saa 14. Umeona ujanja? Umesafiri saa tano kuelekea kaskazini-mashariki, upande usiokuhusu, na ukifika unakuta New York imekusogelea kwa kilomita 800 tu. Kwa dereva wetu hiyo ni chini ya Mombasa mbili. Safari yenyewe inaanzia pale Dubai, na wewe tayari umechoka. Jumla ni kilomita 14,500 na zaidi, saa 19 za kuwa angani, na kungoja juu yake.

Kupitia London ni kinyume. London haikuzungushi sana: Nairobi–London 6,840, London–New York 5,540, jumla 12,380. Umezidisha kilomita 540 peke yake. Lakini kutua ni kutua: kama saa tisa, ushuke, upekuliwe tena, utembee kutoka jengo hadi jengo, kisha saa nane nyingine. Kilomita hazikuongezeka, saa zimeongezeka. Ya 27 ni kama hizihizi, isipokuwa ukumbini unalala saa nane au tisa kwenye viti vya chuma vyenye mikono ili usijinyooshe.

Kwa mtu mwenye umri wa mama, asiyezoea vibao vya Kiingereza, anayesafiri peke yake, mimi ningeuza hata friji nilipe tofauti ya nauli ya moja kwa moja.

Mzee_wa_Ngong
Dada, kwa heshima, nakataa. Nina miaka 71 na nimekwenda kwa wanangu mara tatu. Saa 15 kwenye kiti kimoja si mchezo kwa magoti yetu. Mimi napenda kushuka katikati, nitembee, ninywe chai ya kikombe cha kweli, nisikie ardhi. Tena nauli ya kuunganisha mara nyingi huwa nafuu.

Dada_Mizigo
Mzee wangu, shikamoo. Wewe ulishakwenda mara tatu, unajua mlango ni upi. Huyu mama ni mara ya kwanza. Nauli nafuu nakubali, lakini ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka bila wewe, unafuu unaishia kwenye hoteli usiyoijua. Mimi nimeshaachwa hivyo, nikakaa siku moja na nusu na nguo nilizovaa. Kampuni siitaji.

Mzee_wa_Ngong
Marahaba. Hapo kwa mara ya kwanza nakuachia. Magoti lakini siyaachii.

Nyar_Ahero
Samahani nawakatiza. Umoja, kabla hujalipa chochote, soma tarehe. Nitawasimulia yaliyotupata sisi ili mama yako asiyapate.

Mjomba wetu alikuwa anakwenda ng'ambo kwa masomo ya mwanawe. Tiketi iliandikwa tarehe 12 Agosti, 00:35. Tukakaa kikao. Tarehe 12, usiku, saa sita na dakika 35. Sawa. Tarehe 12 jioni tukakodi matatu ya watu 14 kutoka Kayole, ikajaa. Mjomba kavaa suti. Shangazi ana chapati kwenye foili, kazifunga kwa leso ili zisipoe. Pale kizuizini wakatushusha wote tupekuliwe, shangazi akafunguliwa leso, afisa akasema chapati zinanukia, tukacheka. Tukafika nje ya jengo la abiria saa tatu usiku, mapema kabisa. Tukashikana mikono, tukaomba sala ndefu, wengine wakalia. Mjomba akaingia.

Hazikupita dakika kumi, akatoka na troli yake ileile, polepole, anaangalia chini. Akasema, "Wananiambia ndege yangu ilienda jana." Tukadhani ni utani wake. Binamu yangu akaichukua tiketi akaisoma kwa sauti, na hapo ndipo tukanyamaza, maana ukiisoma kwa sauti inajionyesha. 00:35 ya tarehe 12 ni dakika 35 tangu tarehe 12 izaliwe. Tulitakiwa tuwe pale tarehe 11 usiku. Tulipokuwa kwenye kikao tukipanga nani akae mbele kwenye matatu, ndege ilikuwa imeshaondoka.

Chapati tulizila kwenye matatu tukirudi. Hakuna aliyesema neno mpaka Donholm.

Binti_Lamu
Pole sana dada. Nyanyangu asingekosea hapo. Kwetu pwani ya wazee siku inaanza Magharibi: jua likizama Jumanne, ule ni usiku wa Jumatano tayari. Ukimwambia ndege ni usiku wa kuamkia tarehe 12 anafunga sanduku tarehe 11 mchana. Ni sisi tuliosoma ndio tunaochanganyikiwa, mguu mmoja kwa Mzungu, mmoja kwa nyanya.

Umoja, tiketi yoyote inayoanza na 00 au 01 au 02, mwandikie mama kwenye karatasi "usiku wa kuamkia".

Umoja_Tatu
Nimetoka kuangalia. Yetu ya moja kwa moja ni kabla ya saa sita usiku, tarehe haina matata. Lakini nimetetemeka kidogo.

Kwa hiyo nimeamua ni moja kwa moja. Mzee wa Ngong, hebu tuambie kuhusu magoti. Na saa za kule nimsaidieje? Ana saa yake ya mkononi ya mishale, aliinunua Marikiti miaka ile, haivui.

Mzee_wa_Ngong
Magoti: achukue kiti cha kwenye njia, siyo dirishani. Anyanyuke kila baada ya saa mbili, atembee mpaka kule kwa wahudumu aombe maji, hata kama hana kiu. Kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni, hasa kwa umri wetu, kwa hiyo daktari wake ajue kuhusu safari kabla. Viatu visivyobana, maana miguu itavimba, na akivivua huenda visiingie tena. Dawa za presha, kama anazo, zikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku.

Halafu omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Najua atasema yeye si mgonjwa. Mwambie si cha ugonjwa, ni cha kupata mtu wa kumwongoza kwenye foleni na vibao. Mimi nilikataa mara ya kwanza, nikapotea uwanjani dakika 40. Mara ya pili nikakaa kitako.

Fundi_Embakasi
Niongeze moja kuhusu hewa ya ndani. Kabini ya 787 inajazwa hewa mpaka ihisiwe kama uko kimo cha kama mita 1,800. Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,795. Yaani ndege ikiwa kilomita 12 juu, kifua chako kinadhani uko Kenyatta Avenue. Ndege nyingi za zamani zilifika mita 2,400, hapo unapumua kama mtu wa Nyahururu. Mama wa Changamwe atahisi tofauti kidogo, lakini si zaidi ya alivyokuwa akihisi akishuka kwenye basi hapa asubuhi.

Mwalimu_Kangemi
Kuhusu saa nina kitu kizuri, na sijakiona kikiandikwa popote.

New York iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 8 miezi inayobaki, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Sasa, saa ya Kiswahili tayari iko nyuma ya saa ya Kizungu kwa 6. Kwa hiyo huhitaji kutoa saba. Chukua saa ya Kiswahili ya Nairobi, toa moja, umepata saa ya Kizungu ya New York.

Nairobi saa tatu asubuhi? Kule ni mbili za Kizungu, usiku wa manane, usipige simu. Nairobi saa mbili usiku? Kule ni moja ya Kizungu, mchana, piga. Kuanzia Novemba mpaka Machi toa mbili badala ya moja. Jaribuni wenyewe.

Nanii_wa_Buru
Nimejaribu mara tano nikitafuta kosa. Halipo. Miaka minane nina shemeji kule na nilikuwa nahesabu kwa vidole.

Binti_Lamu
Mwalimu hii ibandikwe juu ya jukwaa.

Nami niulize swali ambalo nimewahi kusikia watu wakilibishania: Alfajiri inaswaliwa saa ngapi kwenye ndege hiyo? Jua hutoka wapi?

Dada_Mizigo
Mimi niliondoka Desemba. Kwa ratiba ile ya mwanzo ilikuwa unatoka hapa saa tano na dakika 25 usiku, unatua saa 12 na dakika 25 asubuhi ya kule. Binti, jua halikutoka. Unakimbia kuelekea magharibi na asubuhi inakufuata nyuma, haikushiki. Niliamka mara tatu, kila nikifungua dirisha ni weusi. Jua la Nairobi lilizama mbele yangu kama saa 12 na nusu jioni, na lililofuata nililiona nikiwa foleni ya pasipoti, likiingia kupitia vioo. Ni usiku wa karibu saa 21. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mwislamu, aliswali Alfajiri palepale kitini kabla hatujatua, akasema akingoja ashuke, foleni itamkuta jua limeshachomoza.

Mwezi wa saba ni tofauti, kule jua linatoka mapema sana, mama ataliona akiwa bado juu ya bahari.

Na usingizi: wa saa tatu usiku wa Changamwe utamshika saa nane mchana wa New Jersey. Dadako asimshangae akisinzia na mtoto mkononi. Wiki hivi, mwili unakubali.

Umoja_Tatu
Wadau nimerudi, wiki tatu baadaye. Mama yuko New Jersey.

Siku ya kuondoka tulitoka Umoja mapema kama watu wa Nyar Ahero wangefanya leo. Kiti cha magurudumu alikikataa mpaka kijana mmoja wa uwanjani alipomwambia, "Karibu mama, keti nikupeleke." Kumbe tatizo lilikuwa namna ya kukaribishwa. Amenisimulia kwamba New York alipitishwa kando ya foleni ndefu akiwa amekaa na mkoba magotini, watu wanampisha kama bibi harusi.

Ndani ya ndege anasema alikula, akalala, akaamka, akamuuliza mhudumu wamefika wapi. Akaonyeshwa kwenye skrini: Morocco. Akauliza Morocco ni wapi. Akaambiwa Afrika. Akalala tena kwa hasira.

Dereva, ile hesabu ya Mombasa 24 na Voi ameshamsimulia kila jirani wa dadangu, na yeye ndiye anayeitwa mtaalamu sasa.

Saa yake hajaibadilisha. Jana nimempigia saa nane mchana, nimetoa moja ya Mwalimu, nikajua kule ni saba asubuhi. Mjukuu wake mkubwa, ana miaka sita, Kiswahili chake ni cha kutafsiri, nikamsikia nyuma ya simu akisema, "Bibi, ni saa saba." Mama akaangalia mkono wake. Yake inasema saa nane.

Akaniambia, "Saa moja tu. Na nyinyi mlivyonitisha!"